Godoro Lenye Uzi Mwekundu

Nianze na mbuzi, maana bila mbuzi wale nisingekuwa na la kusimulia. Mume wangu alikuwa nao wawili, jike na beberu, na aliwapenda kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Hilo nalisema mbele yake na hajawahi kulikanusha. Mwaka ule wezi wa mifugo walipita Kinjumbi wakamkomba mzee mmoja wa mtaa wa pili zizi zima, basi mume wangu akaapa kwamba wa kwake hawatalala nje tena. Akawaingiza chumba cha uani, kinachopakana na chumba chetu kwa ukuta usiofika juu. Nilisema, nikafoka, nikanuna siku tatu bila kupika mchuzi. Mbuzi wakabaki ndani.

Haukupita mwezi nikaanza kuwashwa. Kwanza vifundoni, kisha kiunoni pale kanga inapokazwa, kisha mgongoni nisipofika kwa mkono. Mume wangu akasema ni mbu. Nikamwambia mbu hamng'ati mtu kwa mstari kama anamshona. Asubuhi moja nilipokuwa natandika nikaona kwenye shuka vidoa vyeusi na vidoa vya damu, na katikati yake kidude kama punje ya ufuta. Nikakigusa, hakipo. Nikakiona tena juu ya mto, nikalowesha kidole mate, nikakinasa, nikakibana kati ya kucha mbili kikalia ta! Nikakaa kitandani. Ndani mwangu mlikuwa na viroboto.

Pengine utasema nakuza mambo, wadudu ni wadudu. Lakini mimi si mtu wa Kinjumbi. Wazazi wangu ni Wamakonde walioteremka kutoka uwanda wa juu wakajenga Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, na mimi huku nililetwa na ndoa. Kimatumbi wanachosemeshana wenyeji majumbani mwao nilikisikia nusu nusu, na mwanamke asiyejua wenzake wanacheka nini huona anachekwa yeye. Tena nilikuwa nakaanga vitumbua kila asubuhi mlangoni pangu. Nani atanunua kitumbua kwa mkono unaotoka kujikuna? Nikaapa kwamba habari ile haitatoka nje ya kuta zangu.

Nikapigana kimyakimya. Nilichemsha mashuka kwenye sufuria kubwa mpaka maua yakahama kwenye kitambaa. Nilimwaga majivu sakafuni, nikatandaza majani ya mwarobaini chini ya mkeka, nikapaka mafuta ya taa miguu ya kitanda mpaka kichwa kikaniuma kwa harufu. Kilichonishinda ni godoro. Lilikuwa la sufi, nene, zito, mama yangu alilijaza kwa mikono yake mwenyewe kwa sufi ya mti wetu wa nyumbani, akalitia uzi mwekundu kwenye pembe moja lisije likapotea kwenye shughuli za watu. Sufi haifuliwi. Nililianika uani kila siku nikalipiga kwa mchi, na kila nilipolirudisha kitandani viroboto walinipokea kama wageni waliokwisha kuosha mikono.

Mwisho niliwatoa mbuzi mwenyewe, mume wangu akiwa shambani. Aliporudi tuligombana mpaka kuku wakakimbia, lakini safari hii nilishinda, akawajengea banda. Sikujua kwamba nimeharibu. Viroboto waliokuwa wakigawana mbuzi wawili na watu wawili, sasa walibaki na watu peke yao. Tulivimba. Nilikuwa nalia jikoni nikisingizia moshi.

Hapo ndipo alipofariki mume wa jirani yangu.

Jirani yule nilimwita dada, na yeye aliniita mdogo wangu, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Siku niliyofika Kinjumbi, hina ya harusi bado ikiwa miguuni, ndiye aliyenionyesha kisima cha maji matamu na kisima cha maji ya chumvi, na nani wa kumwamkia kwanza nisionekane nina kiburi. Mumewe alikuwa mkulima wa mikorosho, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akisali juu ya ngozi ya mbuzi aliyoirithi kwa baba yake. Niliijua ngozi ile maana ilitundikwa barazani. Ilikuwa imenyonyoka manyoya pale magoti yanapotua, na mbele yake palikuwa na alama nyingine ndogo, ya mviringo, ya paji la uso. Alianguka shambani kwake asubuhi, peke yake, wakamkuta ameshapoa. Adhuhuri mtaa mzima ulikuwa uani kwao.

Mtu akifa huku kwetu, nyumba yake haiwezi kulaza wageni wote wa msiba, basi mtaa unatoa. Akina mama wanapita nyumba kwa nyumba na mkokoteni, wanakusanya magodoro, mikeka, mito na masufuria, kila kitu na alama yake. Huombwi, unapitiwa. Mwanamke aliyewahi kuficha godoro siku ya msiba anasimuliwa hadi leo, na mimi jina lake nilishalijua kabla sijajua majina ya mashemeji zangu.

Walikuja watatu. Godoro langu lilikuwa juu ya kamba, nimetoka kulipiga muda huo huo.

"Lako hili lenye uzi mwekundu?" mmoja akaniuliza.

"Langu."

"Mashallah, nene. Twende nalo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kusema lina viroboto, ningeweza hata kudanganya kwamba limelowa. Nikasema, "Chukueni." Na kwa kuwa nimeamua kusema, nitasema lote: lilipopandishwa kwenye mkokoteni nilisikia nafuu. Nilifikiri, angalau siku tatu litakuwa mbali na mimi. Nikajifunga kanga nikalifuata nyuma, nikilia pamoja na wenzangu, tena kilio cha kweli, maana yule marehemu nilimpenda.

Siku ya tatu hitima ikasomwa, tanga likaanuliwa, magodoro yakarudishwa kwa wenyewe. La kwangu halikurudi. Nilikwenda kumwangalia dada nikamkuta chumbani amelala juu yake. Walikuwa wamemchagulia lile kwa unene wake.

"Mdogo wangu," akasema, sauti imekauka, "hili godoro lako limenishika mgongo vizuri. Niachie mpaka nitoke eda."

Miezi minne na siku kumi. Nikasimama mlangoni nikitazama ule uzi mwekundu karibu na kisigino chake. "Dada, lichukulie ni lako," nikasema.

Kuna wanaokaa eda kwa kuwa wanatazamwa. Dada hakuwa wa hivyo. Aliniambia wiki ile ile: mumewe amekufa peke yake chini ya mkorosho, hakuwepo hata wa kumpa maji, na sasa limebaki jambo moja tu la kumfanyia, nalo ni kukaa siku zile zote ndani ya nyumba aliyomjengea, bila kupunguza hata moja. "Hii ndiyo haki yake iliyobaki mkononi mwangu," alisema. Nilikuwa namsikiliza huku nikimtazama anajikuna kifundo cha mguu kwa kidole cha mguu mwingine, bado hajajua anachokikuna.

Wiki ya pili alijua kila mtu isipokuwa yeye kwamba mle ndani mnawasha. Wanawake waliokuja kumliwaza walikaa ukingoni mwa mkeka, kisha wakawa wanakaa mlangoni, kisha wakawa wanaamkia dirishani na kupita. Nikayasikia maneno kisimani. Mmoja akasema mfiwa amejiachia, haogi. Mwingine akasema hapana, ni nyumba yenyewe imeingia kitu tangu mwenyewe atoke. Mimi nikachota maji yangu nikajitwika. Ningekuwa na ulimi wa haki ningemwaga ndoo pale pale nikasema ni wa kwangu.

Kisha akaniambia mwenyewe. Alinivuta chumbani, akafunga mlango, akapandisha mkono wa gauni lake jeupe. Mkono wote ulikuwa umechanika kwa kucha.

"Nina viroboto," akanong'ona. "Mimi, mtu mzima, nyumba nimeipiga deki maisha yangu yote. Usimwambie mtu, mdogo wangu. Wewe ndiye ninayekuamini."

"Simwambii," nikasema.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtumwa wake, na wala sijisifu. Nilikuja kila siku baada ya vitumbua. Nilichemsha nguo zake, nilifagia kila pembe, nilianika mashuka kwenye ua wa ndani, nyuma ya makuti, wasiyaone watu. Kwake waliendelea na kwangu waliendelea. Nilikuwa nabeba viroboto wa nyumba moja kwenda nyingine kwenye upindo wa kanga yangu, nikidhani nafanya usafi. Mara kumi nilifungua mdomo nimwambie. Mara kumi aliniita mdogo wangu, nikaufunga.

Arobaini ilipokaribia akawa ametafuta mwenyewe sababu, kama anavyofanya kila mtu aliyekosa usingizi. Siku moja asubuhi nikamkuta ameishusha ngozi ya mumewe, ameiviringisha na kuifunga kamba.

"Ni hii," akasema. "Ni manyoya ya mnyama, wamezaliana humu. Haiwezi kupikwa kama shuka, ikipikwa inakunjamana. Nimeifikiria siku tatu. Watu wa hitima watakuja wasikae kwenye nyumba yenye wadudu. Nichomee, mdogo wangu, mimi sitaweza."

Nilijua. Nilisimama na ile ngozi mikononi, nyepesi, inanuka udi na jasho la mtu mwema, na nilijua kwamba ndani yake hamna kitu. Nilichotakiwa kusema ni maneno manne. Badala yake nikauliza, "Una hakika, dada?" kana kwamba swali lile linanitoa lawamani. Akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani, akaegesha mlango. Nikachimba kishimo nyuma ya choo, nikamwagia mafuta ya taa, nikawasha kiberiti. Ngozi ilijikunjua kwenye moto. Nikaiona ile alama ya paji la uso kwa sekunde chache, kabla haijawa nyeusi. Nikayafukia majivu kwa mguu.

Viroboto hawakupungua hata mmoja.

Kilichofuata nilikifanya kwa kukata tamaa, na nadhani ni kosa ambalo lisingefanyika mahali pengine isipokuwa huku kwetu. Nyumba zetu zote zina salfa. Ni ule unga wa njano tunaoupulizia mikorosho isishikwe na ubwiri unga, na msimu ukiisha hubaki nusu mfuko uvunguni. Tunauamini mno. Nikafikiri, kitu kinachoua ugonjwa juu ya mti mkubwa vile kitashindwa na kiroboto? Nikachota kwa kopo kwenye mfuko wa mume wangu, nikanyunyiza juu ya godoro, chini ya godoro, kwenye nyufa za sakafu, nikatandika shuka juu yake. Dada akanishukuru. Akajilaza mchana ule wa joto, dirisha limefungwa kwa ajili ya eda na aibu, jasho likimtoka.

Alasiri nilipoingia sikumtambua. Macho yalikuwa yamevimba hayafunguki, shingo na mikono imegeuka nyekundu, anakohoa kikohozi cha kukauka kisichompa nafasi ya kuvuta pumzi. Kila penye kidonda cha kujikuna palikuwa panawaka. Alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango, na alipoushika akasimama pale pale, hatoki.

"Siku zangu," akasema. "Nikitoka zinavunjika."

"Dada, utakufa!"

"Niitie kwanza ustadhi."

Nikakimbia bila viatu. Ustadhi alikuja mbio, akasimama uani akamwambia kwa sauti ya juu kwamba ugonjwa ni dharura, dharura haivunji eda, atoke sasa hivi. Nikampandisha bodaboda, mimi nyuma yake nimemshika kiuno, tukaenda zahanati. Wakamwosha macho na ngozi kwa maji mengi, wakampa dawa za kikohozi na za kupaka, wakatuweka hadi pumzi ikatulia. Njia nzima ya kurudi alikuwa analia bila sauti, uso ameufunika, watu wasimwone mfiwa nje ya nyumba yake. Niliusikia mgongo wake tu, unavyotetemeka.

Kaka yake wa Kilwa Masoko, aliyemfuata kuzaliwa, akapata habari, akaja siku ya pili. Alipoona uso wa dada yake akakasirika, na haki alikuwa nayo. "Nyumba hii haikaliki," akasema. "Nakupa wiki tatu. Nikirudi nikakuta hali ni hii, nakuchukua, utamalizia eda kwangu." Dada akamshika miguu. Mtu wa heshima yake, ameshika miguu ya mdogo wake, anaomba asitolewe kwenye nyumba aliyojengewa na mumewe. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai. Nikaiweka ile chai chini nikatoka.

Nikampigia simu bwana mifugo. Namba yake alikuwa nayo mume wangu, kwa ajili ya mbuzi wake wapenzi. Nilimweleza kama habari ya mtu mwingine, kama wafanyavyo wenye aibu wote. Yeye akauliza swali moja tu: "Hao wadudu walianzia wapi, mama? Mifugo ililala wapi?" Nikajifanya sikusikia. Akaendelea kunieleza, taratibu, kwamba salfa kitandani ni hatari na nisirudie. Kwamba wakubwa ninaowaona ni wachache tu, mayai na watoto wao wamo kwenye vumbi la sakafu, kwenye nyufa, kwenye mishono ya godoro. Kwamba dawa ya kunyunyizia ndani ipo, ataileta, lakini ipigwe siku moja nyumba zote zilizoambukizana, na mifugo iogeshwe siku hiyo hiyo, kisha baada ya wiki mbili irudiwe kwa wale watakaoanguliwa. "Mkiacha nyumba moja," akasema, "mmefanya kazi bure. Kwa hiyo lazima nijue ni nyumba zipi."

Hapo nikaona sina mlango mwingine. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nikaingia chumbani kwa dada, nikakaa sakafuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekaa chini?"

"Dada, viroboto ni wa kwangu."

Akaniangalia kwa yale macho yaliyokuwa bado yana uvimbe. "Wa kwako vipi?"

Nikamwambia. Mbuzi, chumba cha uani, mchi, kamba, mkokoteni. Nilimwambia hata ile nafuu niliyoisikia. Sikuruka kitu ila kimoja: ngozi sikuitaja, na yeye hakuitaja. Aliangalia godoro, akalibonyeza kwa kiganja kama anayejaribu embe, kisha akauliza bwana mifugo atakuja saa ngapi. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nikakosa pa kuiweka ile sauti.

Tulianza alfajiri. Mume wangu aliwaogesha mbuzi wake kwa dawa bila kubisha, maana nilikuwa nimemwangalia kwa jicho lile ambalo akiliona habishi. Nyumba zote mbili zikatolewa kila kitu, vumbi likafagiliwa na kuchomwa, nguo zikachemshwa. Bwana mifugo alipopuliza dawa ndani, dada alikaa kwenye ua wake, ndani ya makuti, asivuke kizingiti, na kazi aliyoichagua ilikuwa kulifumua godoro langu. Alikata mshono mmoja baada ya mwingine, akatoa sufi yote akaitandaza juani juu ya mkeka, chandarua juu yake isipeperuke. Ganda akalitia kwenye maji yanayochemka.

Na mimi nilifanya la kwangu. Nilifunga kamba mbele ya nyumba, barabarani, nikaanika mashuka ya nyumba zote mbili. Wanawake wakasimama. Nikasema kwa sauti yangu yote ya Mitwero, "Ni viroboto! Wametoka kwangu, kwa mbuzi wa mume wangu. Wameingia kwa dada na godoro langu nililolitoa siku ya msiba nikijua. Dada hana uchafu, uchafu ni wangu. Nani mwingine anawashwa, aseme, dawa ipo!" Kisha yule aliyeniuliza habari za uzi mwekundu akasogea akaniambia sikioni kwamba hata kwake wapo, tangu matanga. Jioni zilikuwa nyumba nne.

Mwezi mzima hakununua mtu kitumbua. Nilivila mwenyewe asubuhi na mchana, nikanenepa kwa fedheha.

Dawa ikarudiwa baada ya wiki mbili. Siku ya tatu baada ya hapo kaka wa Masoko akaja kumchukua dada yake. Alikaa kwenye mkeka sebuleni saa nzima, suruali ameipandisha, anatazama vifundo vyake bila haya. Hakuumwa na kitu. Akanywa chai, akaaga, akaondoka peke yake. Dada alitazama pikipiki yake kupitia tundu la dirisha mpaka ikapotea, akasujudu pale pale sakafuni, na mimi nikajua angalau hilo sijamwondolea.

Siku zake zikatimia. Siku ya kutoka eda akina mama walijaa, waliopita dirishani na wasiopita, pilau linanukia mtaa mzima. Alioga, akavaa kanga mpya yenye rangi, akapakwa wanja. Nilikuwa naosha sahani akaniita chumbani akafunga mlango, kama siku ile aliyonionyesha mkono.

"Siku ile tuliyochoma ngozi," akasema, "ulikuwa umeshajua?"

Miezi hiyo yote nilikuwa nimeliandalia swali lile majibu. Kwamba sikuwa na hakika. Kwamba hata ngozi nayo huenda ilikuwa nao. Yote yalikuwa mdomoni.

"Nilijua, dada."

Akaupangusa wanja ulioanza kuteremka. "Nilikuwa nikisali juu yake," akasema. "Tangu alipozikwa. Nilikuwa naweka paji langu pale pale alipokuwa akiweka lake. Sikumwambia mtu."

Nilipiga magoti, akaniinua kwa kiwiko, si kwa ukali, kama unavyomwinua mtu aliyekaa njiani. Akanionyesha ukutani. Godoro langu lilikuwa limeegeshwa pale, limejazwa upya, limeshonwa kwa mkono wake mshono mdogo mdogo ulionyooka, safi kuliko lilivyotoka kwa mama yangu. Uzi mwekundu ulikuwa umefumuliwa kwenye pembe. Ulikuwa juu ya dirisha, umekunjwa.

"Lichukue," akasema. "Alama utatia mwenyewe."

Nikauchukua uzi, nikalibeba godoro kichwani, nikapita katikati ya akina mama waliokuwa wanakula, wakanipisha. Viroboto waliisha, kwake na kwangu, na vitumbua vinanunuliwa tena, na yeye ni mmoja wa wanaonunua. Shikamoo naipeleka kila asubuhi, marahaba inarudi. Lile neno 'mdogo wangu' hajaniita tena. Ule uzi ninao kwenye kopo la sindano, na bado sijautia.